Dohani ya Nne

Nyumba ya Mligo, juu ya mashamba ya chai ya Kibao,
ina dohani nne. Moshi hutoka kwenye tatu.
Miaka thelathini na moja sasa
watu wanapita chini yake wakiharakisha.

Husimuliwa hivi: mlango ulikutwa umekomewa kwa ndani,
madirisha yamezibwa kwa matambara,
maana Juni ya Mufindi haibishi hodi.
Mzee Mligo kitini, kibuyu cha ulanzi miguuni,
mkaa umebaki jivu jeupe.
Hana jeraha. Hana povu.
Midomo imeiva kama pichesi.

Askari wakaja na Landrova kutoka Mafinga.
Wakahesabu vikombe. Wakamkamata mpishi,
wakamwachia. Wakaandika daftarini:
*ngazi moja, ya kuchumia mapichesi,
imeegemea ukuta wa nyuma.*
Hakuna aliyeuliza
Juni mapichesi yanatoka wapi.

Mimi ni fundi. Mwenye nyumba mpya, Bi Mgaya wa Njombe,
haogopi majini, anaogopa baridi.
Kanipa nusu ya pesa: "Zibua hiyo ya nne."

Nikapanda na ukungu. Mdomoni mwa dohani, waya
umefungwa kwenye tofali. Nikavuta.
Masizi, manyoya ya njiwa, masizi,
kisha kitu kikaja kwa kugoma
kama ndama anayezaliwa kinyume:
sweta.
La kijani. La shule. Dogo.
Nililikung'uta, nikatazama mkono wa kushoto,
pale mfumaji aliporuka matundu mawili
usiku ule koroboi ilipoishiwa mafuta.

Sweta nililolipoteza darasa la tatu.
Nililia sana. Mama hakunipiga,
mama aliyemchapa kaka kwa kifutio.
Alisema tu: "Baridi itapita, Atilio."
Yeye ndiye aliyekuwa akiwasha moto humu.
Na dada Ludina alikuwa akifua,
hadi mwezi wa tano, alipoacha ghafla,
nasi watoto tukakatazwa kuuliza.

Nilishuka. Sebuleni picha ya Mligo bado inaning'inia.
Sikuwahi kuitazama kwa karibu.
Ile pua naijua.
Ni ya mpwa wangu.

"Umekuta nini?" akauliza Bi Mgaya.
"Kiota."
Akanimalizia pesa yangu. Akawasha kuni,
moshi ukapanda wima kama mtu aliyesamehewa.

Nyumbani mama alikuwa akimenya viazi,
macho yake siku hizi yako vidoleni.
Niliweka mfuko wa vifaa karibu na mlango.
Akanusa.
"Leo ulikuwa kwa nani?"
"Kwa Mligo."
Kisu kikasimama.
"Dohani ilikuwa na nini?"
"Kiota, mama."
Alikaa kimya, ganda la kiazi likining'inia
bila kukatika.
"Na makinda?"

"Walikua," nikasema. "Walikua wote."

Kisu kikaendelea.