Mikono ya Delika

Mzevinari hakusema bei.
Aliipanga mezani, mikono mitatu ya chini,
kama mchinjaji apangavyo mapaja,
akafuta vidole kwenye suruali: Haya, chagua.

Wa kwanza mwekundu, rangi bado inanuka.
Mabati mawili yamekunjwa yakakutanishwa,
mshono wa kuchomelea unapita ukingoni
kama mwandiko wa mtoto mwenye haraka ya kwenda kucheza.
Kipya kinyemi. Nikaunyanyua.
Ulinyanyuka upesi mno.

Wa pili wa alumini, unametameta,
umetobolewa matundu kupunguziwa uzito,
begani una bushi ngumu ya zambarau.
"Huu ni wa vijana wa Tbilisi," alisema,
"wanaoshindana usiku kwenye lami.
Hauna subira na mawe.
Chuma hupinda kwanza, kinakupa habari.
Huu unakaa kimya, kimya,
halafu siku moja unakuaga."

Wa tatu aliuchomoa kwenye gari lililokufa
nyuma ya gereji, penye miiba na betri kuukuu:
chuma cha kufua, mnene kiunoni,
kutu imekula ngozi, mfupa haijaugusa.
Akaugonga kwa spana. Ukalia, sauti ikatembea
hadi kwenye makopo ya grisi.
Akaugonga mwekundu. Ukajibu ko,
kama mtu aliyekumbushwa deni.

Nilikuwa na pesa ya mkono mmoja na nusu.

Usinicheke. Tingatinga lilishakata theluji ya Abano,
wachungaji wa Alvani walinipigia simu tangu alfajiri,
na vyote viwili, kushoto na kulia, vilikuwa vimekwisha.
Basi nikafanya lisilofanywa.
Usukani wa Delika yangu uko kulia, kama ulivyotoka Japani.
Kulia, ninapokaa mimi, mkono mzee.
Kushoto, wanapokaa abiria, mwekundu.

Mzevinari alinitazama kidogo.
Akashindilia bushi mpya, akapachika,
lakini nati hakuzikaza gari likiwa juu ya jeki.
Alilishusha kwanza, likakaa kwa uzito wake lenyewe,
ndipo akaingia uvunguni na spana ndefu.
"Bushi iliyokazwa hewani," sauti ikatoka chini,
"huishi imejisokota. Haifiki mbali."
Kisha: "Na kifuko cha kiwiko cha huu mzee, lari nane. Nibadilishe?"
Nikasema bado kinafaa.

Safari arobaini na moja, Juni hadi Oktoba.
Nilibeba viriba vya ngozi vilivyojaa jibini,
bibi mmoja na jiko lake la chuma, mbwa wawili,
Wajerumani waliofumba macho kila kona.
Mito inakatiza barabara, nayo inashuka na kokoto zake.
Sikio langu lilikuwa kushoto muda wote.
Jiwe likigonga, nawageukia abiria, natabasamu,
nasikiliza chini ya miguu yao.

Theluji ilipofunga njia nikarudi Telavi.
Gari juu ya jeki. Mzevinari akaanza kushoto,
bila kuambiwa.
Rangi nyekundu imeliwa yote.
Akapitisha ukucha juu ya ule mshono, akarudia na tochi,
akatia nondo akatikisa.
Hakuna ufa. Bushi imechoka kidogo, basi.
"Niliudhania vibaya huu," alisema.

Kulia, hakuhitaji nondo.
Alishika tairi kwa mikono miwili, akalivuta:
kiwiko kikacheza kama jino la utotoni.
Kile kifuko kilikuwa kimechanika,
grisi imegeuka tope la mto,
na ndani, tufe la chuma lililovumilia miaka ishirini
limesagwa na mchanga wa miezi minne.
Mkono wenyewe mzima. Aliugonga, ukalia vilevile.

Sikuwa na la kusema kuhusu lari nane.

Alipachika kiwiko kipya, na kifuko, akajaza grisi
mpaka ikachungulia ukingoni.
Akalishusha gari, akakaza nati,
akachukua ufunguo kwenda kulijaribu mwenyewe
kwenye ile barabara mbovu ya nyuma ya soko.
Mimi nikafungua mlango wa kushoto,
nikakaa.