Mwenye Bua, Mwenye Jani

Baba alikufa Isongole, mwezi wa ukungu.
Wazee wa ukoo wakakaa siku mbili
juu ya ekari moja na nusu
na hawakuigawa.
Nyembamba mno, walisema,
ukiikata utapata mipaka, shamba hutaliona.
Wakagawa kinachoota:
mahindi ya Mama Tusekile, mke mkubwa,
maharage ya mama yangu, Bupe.
Udongo mmoja. Jembe, kila mtu na lake.

Miaka minne hawakusemezana.
Mjumbe nilikuwa mimi, miaka tisa, pekupeku.
"Kamwambie mama yako, mvua ikishika naanza mimi."
"Kamwambie mama yako mkubwa aache nafasi,
futi moja, si unyayo wa mtoto."
Nilivuka matuta mawili nikiwa nimebeba maneno
ambayo aliyetumiwa
alikuwa ameshayasikia.

Mahindi yakifika goti, mama huingia na kikapu,
huchomeka mbegu mguuni pa kila shina,
mbili mbili,
na ya tatu pale anapokumbuka panya.
Maharage hayajui nani kaolewa lini.
Yakichipua hutafuta cha kushika,
na cha kushika kilikuwa bua la mke mwenza:
yakalizunguka, yakapanda,
yakachanua meupe kwenye kwapa la jani la mwenyewe.
Mama Tusekile alipita hapo na jembe lake,
akipalilia kwa upande, kama anayepita
kitandani pa mgeni aliyelala.

Akaja bwana shamba, Kihwele wa Iringa,
pikipiki yake ikitema matope.
Alitaka mistari, alitaka tuhesabu.
Kisha akang'oa mche mmoja wa maharage
(mama akaguna, ule ulikuwa wake),
akapasua kinundu cha mzizi kwa ukucha:
ndani pekundu hafifu, kama ufizi wa mtoto mchanga.
"Hapa ndipo mbolea inapopikwa," akasema.
"Mizizi ikioza, mahindi ya mwakani yanakula."
Mwaka ule mfuko wa urea ulikuwa bei ya mbuzi,
na Mama Tusekile hakuwa na mbuzi.
Alikitazama kile kinundu muda mrefu.
"Kumbe nimekuwa nikila kwake,"
alisema, na hakunituma nikalifikishe.

Msidhani walipatana.
Machi upepo ulishuka kutoka mlimani
ukalaza robo ya shamba usiku mmoja,
bua na jani vikaanguka vimeshikana.
Asubuhi kesi ikaanza, mimi katikati:
"Kamwambie, maharage yake mazito yameniangushia."
"Kamwambie, mahindi yake mabua matupu yamenilaza."
Nilikwenda, nikarudi, nikaenda,
tope likinifika kwenye ndama za miguu.
Kila mmoja alianza kuinua kwake,
lakini kwake kulikuwa wapi?
Ukiinua bua, ganda la maharage linakatika.
Ukivuta jani, hindi linatoka na mzizi.

Tuta la saba, walikutana.
Mama Tusekile alikuwa ameegemeza shina begani,
mikono yote miwili haina nafasi.
"Lete kamba," alisema.
Nikageuka kumwambia mama.
Mama alikuwa ameshafika.
Walifunga hadi jua la saa kumi bila neno la pili,
nami nimesimama pale, kazi imeniishia,
nikala karanga za mfukoni.

Mama Tusekile tulimzika Juni iliyopita.
Mwanawe Gwamaka alipiga simu kutoka Tunduma:
mahindi mchukue, yote, mimi nauza simenti.
Kwa hiyo Novemba hii shamba zima lilikuwa la mama,
bua na jani.
Nikamkuta amekaa kwenye kingo, mbegu kikapuni,
mahindi yakiwa yamepita goti.
"Umechelewa kupanda," nikamwambia. "Unamngoja nani?"
Akainuka bila kujibu.
Akaingia tuta la kwanza, akainama,
na kabla ya kuchomeka
nikamwona akipima kwa jembe lile jingine,
lenye mpini uliofungwa waya:
futi moja,
si unyayo wa mtoto.