Mlango wa Kumi na Nne

Stoo ya hospitali, nyuma ya chumba cha chanjo:
katoni za glavu, feni isiyozunguka,
na swichi yenye matundu ishirini na manne
yakikonyeza kijani kama yanayojua siri zangu.

Mwaka mzima yalikuwa wazi.
Chomeka kebo, umeshaingia,
mpaka kwenye faili za waja wazito,
mpaka kwa majina ya wanywao dawa kila siku,
na hakuna wa kukuuliza u nani.
Amu hii! Ambako hata mjomba wako
husimama dakani, akapiga hodi mara tatu,
na asipojibiwa akageuza viatu akenda zake.

Nikakaa juu ya katoni, kompyuta magotini,
nikaifundisha swichi adabu ya nyumba.
Kila tundu liamke limefungwa.
Kila achomekaye aulizwe jina na neno la siri.
Wala swichi isijiamulie; iulize seva kule ofisini,
kama mtoto aliyefungua mlango nusu
akapaza sauti: "Mama, kuna mtu!"
Asiyejulikana asifukuzwe. Aketishwe dakani,
apate intaneti kidogo ya kupungia upepo,
ila njia ya ndani asiione.

Kwenye mistari ya maelezo, ambayo mashine huiruka,
nikamwandikia atakayeirithi kazi hii:

    Mgeni, taja jinalo
    na neno ulilo nalo;
    ukikosa, daka hilo,
    keti, ndani hutongia.

Ikabaki printa ya masijala.
Bubu. Ya zamani. Ukiiuliza jina hukodoa taa tu.
Nikaitambua kwa namba iliyobandikwa tumboni mwake,
nikaandika kwa mkono: huyu ni wetu, mpishe.
Nilijua ninachokifanya.
Ajitandaye buibui la jirani hupita kama jirani.
Basi nikauwekea mlango ule mlinzi,
si mtu, mistari kumi na mmoja tu:
tundu la kumi na nne likizimika likawaka usiku,
andika saa, lifunge, niamshe.

Saa nane na dakika kumi na tatu simu ikatetemeka.
KUMI NA NNE. UMEZIMIKA. UMEWAKA. NIMEUFUNGA.

"Wenda wapi?" akauliza mama gizani.
"Kuna mlango umefungwa kazini."
"Si umefungwa? Basi lala."

Sikulala. Nikashika vichochoro vya Langoni
kwa tochi ya simu, moyo ukinitangulia,
nikiwaza wezi wa majina, watu wa mbali wenye vidole virefu.

Chini ya meza ya masijala nikamkuta Shekuwe,
kijana wa Bi Mwanamkuu wa zamu ya wodi ya wazazi,
kebo ya printa mkononi, kompyuta ya kuazima mapajani,
na mtihani wa kidato cha nne Jumatatu.
Alikuwa akitafuta karatasi za kemia za miaka iliyopita.
"Namba ya printa umeipata wapi?"
"Si hii hapa?" Akanionyesha kibandiko.
Hata haya hakuona.

"Mbona hukutumia tundu la wageni?"
"Nilianza huko. Hufungwa saa nne."

Nikanyamaza.
Saa nne niliiweka mimi, kwa kubana bando.

Nilimgombeza, ndiyo, na kibandiko nikakibandua
nikakitia mfukoni, kichele kama nilivyochelewa mimi.
Kisha tukaenda stoo pamoja, akanishikia tochi.
Kwenye kumbukumbu za swichi imeandikwa:
udanganyifu, mara moja, mlango wa kumi na nne.
Zina safu ya saa, safu ya namba, safu ya kosa.
Safu ya kemia hazina.

Nikafuta saa nne kwenye mlango wa dakani,
nikaandika alfajiri.