Sufuria Namba Tatu

Walipokwisha kumzika Bibi Leokadia
wakanawa, wakala, wakaaga,
na jikoni, juu ya mafiga,
likabaki sufuria la kikundi
lenye tarakimu 3 ya rangi nyekundu ubavuni
na maharage nusu yake.

Mama akalifunua, akainama
kama mtu anayechungulia kisima.
"Hayatupwi," akasema.
Lilikuwa neno lake la kwanza tangu Ijumaa.

Uwemba, mwezi wa saba. Huhitaji friji.
Sakitu hulala juu ya viazi kama chumvi iliyomwagika,
na maharage yakitokoswa jioni
huamka salama, yamejifunika utando wake.

Jumatatu tulikuwa bado kumi na wanne.
Ugali, maharage, majani ya maboga.
Mjomba Alfonsi akasifia chumvi.
Nani aliyeitia, hatukujua:
wapishi walikuwa saba, na kila mmoja alionja.

Jumanne wa Makambako wakapanda basi.
Mama akachemsha viazi, akayamwagia maharage,
akaviponda humohumo kwa mwiko wa marehemu,
ule uliolika upande mmoja
kwa kuwa Bibi alikuwa shoto.
Mama si shoto. Mwiko ukamgomea.
Akauhamishia kushoto,
akaponda vibaya, polepole, mpaka mwisho.
Tukala mabonge.
Hakuna aliyesema kitu.

Jumatano, kande.
Mahindi tuliyakoboa kwa jirani;
kinu chetu kilikuwa kimelazwa, kimegeuzwa kiti cha waombolezaji,
na hakuna aliyethubutu kukisimamisha.
Gaudensi, miaka sita, akahesabu sahani yake:
mahindi arobaini, maharage kumi na moja.
"Jana maharage yalikuwa mengi," akalalamika.
"Jana watu walikuwa wengi," Mama akamjibu.
Hesabu hiyo sijaielewa mpaka leo,
ila naikubali.

Alhamisi akawa amebaki Shangazi Desideria peke yake.
Akakanda ngano,
akayakaanga maharage na kitunguu mpaka yakakauka,
akayafunga ndani ya chapati, moja moja,
kama anayefunga barua.
"Haya siyo yale," nikasema, mdomo umejaa.
"Ni yaleyale. Yamevaa tu."
Kesho yake alfajiri naye akajifunga kitenge
akashuka kituoni, chapati mbili mkobani.

Ijumaa tulikuwa watatu.
Mama akakwangua pembe zote,
akaongeza maji, akaongeza tena,
akakatia majani ya kitunguu na nusu parachichi.
Mchuzi mwepesi; maua ya bakuli yalionekana chini.
Nikanywa.
Na chini ya kitunguu, chini ya maji yote yale,
ikawepo: moshi wa kuni za watu,
chumvi ya Jumapili.
Mama naye aliionja. Niliona kijiko kikisimama.

Jumamosi umande haujakauka
mtoto akabisha hodi.
"Kamwene. Sufuria linaitwa bondeni, kwa Mtewele."
Hatukuuliza kuna nini.
Harusini huitwa namba moja, lenye mfuniko.

Mama akalisugua kwa majivu na mchanga
mpaka tarakimu nyekundu ikachubuka kidogo.
Akalipindua, akatuvisha,
mimi mbele, Gaudensi nyuma,
vichwa viwili chini ya paa moja la bati,
tukashuka tunaona miguu yetu tu
na njia, na njia.

"Bado linanukia kande," akasema Gaudensi,
na sufuria likarudia, kande, kande.

Zito halikuwa.
Tulipofika, wanawake wakatutua,
wakaligeuza, wakalipiga kofi ubavuni kama mnyama wanayemfahamu.
Kando yao, kwenye beseni la bluu,
maharage yalikuwa yamekwisha kulowekwa.