Kinywa Namba 4471

Saa nne usiku tunavaa kofia za nailoni,
tunaosha mikono mpaka viwiko kama wapasuaji,
na msimamizi, Don Wenceslao, anatukumbusha tena
kwamba kucha ndefu ni plastiki yenye mkwaruzo,
na mkwaruzo ni ufizi wa mtu unaovuja damu
huko Ohio, huko Lyon, huko tusikokujua.

Kazi yangu ni ukingo.
Mashine imeshachapa meno ya mtu kwa utomvu wa kijivu,
imeshayavisha ngozi angavu ingali moto,
kisu cha mwanga kimeshapita. Mimi nalainisha
pale shavu litakapogusa, pale ulimi, mdadisi yule,
utakapokwenda kupapasa usiku wa kwanza
kuuliza: mgeni huyu nani?

Ni mimi. Obdulia. Meza ya sita, Juárez.

Majina hatupewi. Leo ni 4471,
taya la chini, vipande ishirini na sita,
na 4471 ana jino la mbele lililogeuka ubavu
kama mtu anayejipenyeza kati ya viti vya kanisa
akiomba radhi.
Kwenye kipande cha tatu naliona linaanza kugeuka,
unywele mmoja.
Cha tano, unywele mwingine.
Cha kumi na moja, jirani amesogea kulipisha.
Yeye atavaa kila kimoja wiki mbili.
Atakivua ale, atakifunga kwenye karatasi,
atakisahau mkahawani,
atarudi mbio kuchakura taka za watu.
Atasema “thitha” akitaka kusema “sisa” mbele ya bosi wake.
Atalala anabanwa, ataamka anabanwa.
Mwaka wake mzima.
Mimi nauona kati ya saa nne na saa sita na robo,
nautia mfukoni, nafunga, nachukua mwingine.

Mfinyanzi hulia gaeni, ndiyo, najua.
Silo ninalotaka kusema.

Kipande cha kwanza cha 4471 kilitoka na kiputo,
kidogo kama mbegu ya ufuta.
Pipa la makosa. Pipa hupimwa kwa mizani alfajiri.
Saa tisa, chooni, nilikuwa nacho kwenye glavu
na sikumbuki kuamua.
Kikalia ta.
Kikanikaa.

Jino lililogeuka ubavu, langu hilo,
la mama yangu Tomasa, aliyecheka miaka sitini
nyuma ya pindo la shali,
lilikuta kitanda chake kimeshatandikwa.
Kumbe yupo mtu duniani
ambaye ganda la mahindi humkwama palepale,
ambaye ulimi wake hulala kwenye kona ileile
akiwaza deni.

Vingine ishirini na tano vilikuwa bado mezani.
Ningeweza kuvikosea: kucha, mkwaruzo, pipa.
Mwaka mzima wa kunyooka, gramu mbilimbili.
Mikono ilirudi kazini kabla yangu.
Nikavilainisha vyote. Vizuri. Labda vizuri kupita kiasi.

Hiki cha kwanza hakisukumi kitu.
Ni cha kumzoesha mtu tu.
Kinalishika jino jinsi lilivyo, basi.
Ndicho nilichobaki nacho.

Alfajiri mizani ilipungua kidogo.
Don Wenceslao aliitazama, akatutazama mmojammoja,
akaandika namba ambayo sikuiona.

Nje baridi ya jangwa, basi jeupe la kiwanda,
burito ya maharage ndani ya karatasi ya fedha.
Sikula. Kula ni kukivua.
Brígida alianza kisa chake cha mkwe na friji,
kila siku kisa hichohicho,
na kila siku tunacheka kabla hajafika mwisho.
Mkono wangu ukapanda wenyewe kuziba mdomo.
Nyuma ya kiganja, jino la mama,
limevaa.