Anayemjua Mwenye Njaa

Saa tatu usiku, Dundee, Januari.
Mto Tay umejikunyata chini ya ukungu
na Morven Geddes anasuuza utando mara ya nne,
dakika tano, dakika tano, dakika tano.

Si kwa maziwa. Alijifunza kwa hasara:
maziwa yana fosfeti zake yenyewe,
utando mzima hung'aa kama uongo.

Kingamwili hiki kilitoka kwa sungura,
si yule mjanja wa hadithi,
mwingine, mpole, mwenye namba sikioni.
Kinajua jambo moja tu duniani:
kimeng'enya kile kikiwa kimevishwa fosfeti
pale pale, kwenye threonini ya mia na sabini na mbili.
Kikivuliwa, hakikijui.
Kinakipita kama hawajawahi kuonana.

Na seli haikivishi kwa urembo.
Hukivisha akiba ikipungua,
sarafu za nguvu zikibaki za kuhesabika;
ndipo kinapozunguka kikiamuru:
simamisha ujenzi. Choma mafuta. Zima. Zima na kile.

Wahenga walisema mwenye shibe hamjui mwenye njaa.
Kingamwili hiki hakimjui mwenye shibe.

Saa nne na robo.
Mistari ya udhibiti imejitokeza, myeusi, minene:
protini ipo, yote ipo.
Lakini palipotakiwa njaa ni peupe.
Seli alizozinyima sukari kutwa nzima
zinaapa zimekula.

Anajua kosa ni lake.
Juzi simu ilipolia
seli zilikuwa zimeshapasuliwa,
mirija mezani, nje ya barafu, dawa ya kuzuia haijatiwa.
Dakika saba tu za mama yake kutoka Lochee:
mita ya umeme, paka wa jirani,
"mimi sijambo, mwanangu, sijambo kabisa."
Dakika saba zinatosha.
Kuna vimeng'enya vinavyopita nyuma vikivua,
na njaa isiyowahiwa
hujifanya shibe.

Basi la mwisho linapanda mlima likiwa tupu.
Anafungua mlango kwa ufunguo wake.
Senga yuko jikoni, anakata mkate mwembamba,
hita zimezimwa zote, mita inasoma pensi themanini,
naye amevaa koti.
Lile la kijivu, la mazishini,
vifungo hadi kooni.

"Sijambo," anaanza tena.

Morven hajibu.
Analitazama koti.