Dodoso

Karatasi ina maswali ishirini na manne.
Weka alama mbele ya nguvu ulizo nazo:
ushujaa, udadisi, ucheshi, shukrani.
Kalamu ya kliniki imefungwa mezani kwa uzi
kama mbuzi aliyezoea kutoroka.
Nikacheka kidogo.
Sikuweka alama kwenye ucheshi.

Nina miaka ishirini na mitatu.
Hapa Kutaisi mto Rioni umeshajaa maji ya theluji,
nami nimelala tangu Novemba.
Si usingizi. Kulala tu,
shati lililoanguka nyuma ya kabati
na hakuna anayelitafuta.

Mama husema, "Jikaze, Tekle."
Nijikaze mara ngapi, Mama?
Skrubu ikikazwa kupita kiasi hukatika kichwa.
Shangazi Eteri ameleta maji ya kanisani,
jirani wa chini ameleta jina la mchumba,
daktari ameleta karatasi.

Kupenda kujifunza. Niliacha chuo mwaka wa tatu;
vitabu vya hesabu vinaegemeza mguu wa kitanda.
Uongozi. Kitana tu kinanishinda kukiongoza kichwani.
Matumaini. Nikaliruka, nikarudi, nikaliruka tena.
Ustahimilivu.
Hapo kalamu ikasita, uzi ukajivuta.

Maana kuna ile Jumanne
ambayo sijamwambia mtu, ni jambo dogo, linaaibisha:
cherehani ya Bi Tsiala wa ghorofa ya nne iligoma.
Akaishusha ngazi zote hizo, na goti lake bovu,
akaiweka mlangoni pangu, akaondoka bila hodi.
Nilikaa nayo sakafuni siku mbili, sikuigusa.
Siku ya tatu nikalegeza skrubu moja.
Moja. Nikarudi kitandani.
Siku ya nne nikalegeza zilizobaki, nikakuta
uzi mweusi umejisokota kwenye mhimili,
uzi juu ya uzi, mwaka juu ya mwaka,
hata gurudumu likasahau kuzunguka.
Kumbe haikuvunjika. Ilizongwa.
Nikauchomoa kwa kibanio cha nyusi,
nikitukana kwa sauti,
sauti yangu mwenyewe, sikuwa nimeisikia tangu sikukuu,
mpaka usiku ukanikuta nina njaa.
Njaa hasa. Nikala mkate mkavu nimesimama.

Sikupona. Hadithi ingependa nipone hapa.
Jumamosi nililala tena hadi taa za barabarani zikawaka,
mswaki ukakauka kwenye kikombe.
Ila juu ya dari nikasikia tak-tak-tak-tak,
Bi Tsiala akipinda pazia la mtu,
na katika mlio ule nilitambua
kila jino la gurudumu.

Dodoso halina kisanduku cha hilo.
Nikageuza karatasi, nikaandika upande mtupu,
mwandiko ukipanda mlima kwa ufupi wa uzi:
Naweza kufungua kitu nisipoteze skrubu.

Daktari akasoma. Hakunipongeza.
Akauliza, "Zilikuwa ngapi?"

"Kumi na moja," nikasema papo hapo,
kama mtu aliyeulizwa jina lake.